Mahali pa Mpini

Mjomba alitumia asubuhi nzima kutengeneza kitu ambacho si tofali. Aliokota ubao uliobaki jiko lilipoezekwa, akaukata vipande vinne, akavipima, akavipigilia misumari, akaona pembe moja imekaa vibaya, akaing'oa, akaanza tena. Udongo ulikuwa umekandwa tangu jana yake na kufunikwa kwa magunia mabichi ili jua la Kwakoa lisiukaushe. Maji yalikuwa yameshachotwa. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kile kisanduku kisicho na mfuniko wala kitako, naye alikuwa anakigeuzageuza mbele ya macho kama mtu anayesoma barua. Nilipomuuliza matofali yanaanza lini, alinijibu bila kuinua kichwa: "Mjomba, yameshaanza."

Nikarudi kwenye kivuli cha mwarobaini nilikokuwa nimeiacha kompyuta yangu. Nilikuwa na wiki nzima nikihangaika na kazi ambayo sikuwa na jina la kuwaambia watu wa nyumbani. Nikiulizwa nafanya nini nilikuwa najibu "programu", jibu linalofunga mazungumzo. Siku ile nilipata jina. Nilikuwa natengeneza kalibu.

Kila ukurasa unaofunguka kwenye simu umejengwa kwa vipande vinavyojirudia: kitufe cha kutuma, kisanduku cha kuandikia namba ya simu, orodha, kalenda ndogo ya kuchagua tarehe, ule ujumbe wa kijani unaokuambia kazi imekamilika. Sisi tunaoviunda tunaviita vijenzi vya kiolesura. Lugha inayovipa uhai ndani ya kivinjari ni JavaScript, ambayo Brendan Eich aliandika toleo lake la kwanza kwa siku 10 mwezi Mei 1995 akiwa Netscape, na ambayo tangu hapo haijatoka vivinjarini. Mtu akishaunda kitufe kilekile mara tano kwa watu watano, ataanza kutamani kitufe kimoja kitakachotumika kote. Lakini kabla ya kitufe hicho kuna kazi nyingine isiyoonwa na mtumiaji hata mmoja, nayo ni kuandaa mradi wa kuanzia. Unafungua makabrasha yasiyo na kitu ndani. Unaandika faili linalotaja jina la mradi na toleo lake. Unaweka ukurasa wa majaribio, leseni, maelezo ya namna ya kutumia, kanuni ya majina. Ukimaliza huna cha kumwonyesha mtu. Una pembe nne za ubao.

Nilifika hapo kwa kosa langu mwenyewe. Nilianza na daftari la kidijitali la kikoba cha mama mdogo: nani katoa hisa, nani kakopa, nani anadaiwa. Mwenye duka la pembejeo akaliona, akaomba la kwake la kufuatilia wanaochukua mbegu kwa mkopo. Kisha kikundi cha watumia maji nacho kikaomba. Kila mara nilinakili kazi ya nyuma na kubadilisha majina. Ndani ya kile kisanduku cha namba ya simu nilikuwa nimeandika kwamba namba halali ina tarakimu 10 na inaanza na 07. Wenye namba za 06 walikataliwa. Nilirekebisha kwa kikoba, nikarekebisha kwa duka, na kwa watu wa maji nikasahau. Zikapita wiki kadhaa kabla ya mzee mmoja kuniambia kwa upole kwamba yeye hajawahi kuandikishwa kwa sababu simu yake, alivyoambiwa, "haitambuliki". Alidhani tatizo ni la simu yake. Alikuwa ameanza kufikiria kununua laini nyingine.

Maneno ya mzee yule ndiyo yaliyonikalisha chini. Kitu kinachotumiwa na watu watatu kikikaa mahali patatu, kosa lake nalo linakaa mahali patatu, na anayelibeba ni yule asiyeweza kujua kwamba ni kosa.

Njia ya haraka ilikuwapo. Mtandaoni kuna violezo vingi vya kuanzia, vizuri, vilivyoandikwa na watu hodari na kutolewa bure. Nilichagua kimoja, nikaandika amri ya mstari mmoja, nikangoja. Bando langu liliisha kabla hakijamaliza kujipakua. Niliongeza lingine. Kilipomaliza nilikuwa na maelfu ya mafaili kwenye kompyuta, na kazi yake yote ilikuwa kunisaidia kutengeneza kitufe. Hilo la bando lingevumilika, maana linalipwa mara moja. Kilichonisumbua ni kile nilichokikuta ndani. Kalenda yake iliianza wiki na Jumapili, na majina ya siku yakafupishwa kwa herufi moja moja. Fomu yake ilikuwa na jina la kwanza na jina la mwisho, wakati daftari la kikoba lina majina matatu na mara nyingi anayejulikana kwa watu wote ni Mama Fulani. Vitufe vilikuwa na upana usiobadilika uliopimwa kwa maneno mafupi ya Kiingereza, hivyo neno "Mipangilio" lilikatwa likabaki "Mipangi". Kiolezo kile kilitangazwa kuwa hakina kitu ndani. Kilikuwa kimejaa.

Simlaumu aliyekiandika. Aliandika akiwa kwao, akiwafikiria watu anaowajua. Ila tangu siku hiyo siamini tena kwamba kuna mwanzo usio na kwao, na nadhani sisi tunaojifunza ufundi huu kwa vitu vya kuazima tunachelewa sana kuligundua hilo, kwa sababu tulifundishwa kuona kwamba sisi ndio wenye mambo ya pekee na wengine ndio kawaida.

Kwetu mimi ni Kwakoa, kata ya Wilaya ya Mwanga, kwenye tambarare ya mashariki ya Upare Kaskazini, ukielekea Ziwa Jipe. Wazee bado wanasema "Wilaya ya Pare" kana kwamba haikugawanywa mwaka 1979 kuwa Same na Mwanga. Milima ya Usangi na Ugweno iko upande wetu wa magharibi, kwa hiyo jua halizami kwetu, linaingia mlimani, na kivuli cha mlima kinatangulia kutufikia kabla ya usiku. Watu wanajua saa kwa kivuli kile. Nayo saa yao inaanza kuhesabiwa jua linapochomoza: saa moja asubuhi, saa mbili, saa tatu.

Kompyuta haijui hivyo. Kivinjari kina hazina ya kanuni za lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Ukikiomba tarehe kwa Kiswahili kitakuandikia Jumatatu na Januari bila kukosea. Lakini ukikiomba saa ya mkutano wa kikoba, ambao dunia nzima ya Kwakoa inaujua kuwa ni wa saa nane mchana, kitaandika 14:00. Maneno yametafsiriwa, hesabu imebaki ya kwingine. Mama mdogo alikuwa anaifanya ile hesabu kimya kimya kichwani kila alipofungua daftari lake, anatoa sita, anaongeza sita, naye hakuwahi kunilalamikia. Watu wetu wamezoea kuvitafsiria vyombo. Chombo kinasema lake, mtu anahangaika kulielewa, na akikosea anajiona yeye ndiye asiyesoma.

Kuigeuza saa ni kazi ndogo, mistari michache ya msimbo. Unatoa 6, ukivuka nyuma ya sifuri unaongeza 12, ukizidi 12 unatoa 12, na unapopata sifuri unaandika 12. Kinachohitaji akili ni maneno yanayofuata: alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku. Mpaka kati ya jioni na usiku uko wapi? Na tarehe ya kompyuta inageuka saa sita usiku, watu wakiwa wamelala, ilhali anayesema "usiku wa kuamkia Jumapili" ameshaiona Jumapili tangu jua lilipoingia mlimani. Kikundi cha maji kina zamu za usiku. Ukikosea hapo, mtu atasubiri maji usiku ambao si wake.

Shilingi nayo ilikuwa na jambo lake. Kanuni ya kimataifa ya sarafu, ISO 4217, inaipa shilingi ya Tanzania tarakimu 2 za senti, na JavaScript inatii. Hisa ya 5,000 ikaandikwa 5,000.00. Kwa mtu aliyezoea kuona sufuri nyingi kwenye pesa, nukta ndogo kwenye kioo kilichopasuka ni kitu cha kupotea kirahisi. Niliziondoa senti.

Nimeyapitia hayo haraka kwa sababu yana jibu. Lililonikalisha siku tatu chini ya mwarobaini lilikuwa jambo jingine.

Kijenzi cha orodha huwa na mstari mdogo juu yake unaotaja idadi ya vilivyopatikana. Kwa Kiingereza ni kazi ya dakika moja, kwani ukiwa na vingi unaongeza herufi kwenye jina la kitu na sentensi iliyobaki inakaa karibu kama ilivyokuwa. Waliotunga kanuni za lugha kwa ajili ya vivinjari, katika hazina iitwayo CLDR, walitambua kwamba lugha hazihesabu kwa namna moja. Kiarabu wamekipa makundi 6 ya idadi. Kiswahili wamekipa 2, kimoja na vingine. Nilipoona ni makundi mawili tu nilifurahi. Nikaandika "imepatikana" na "zimepatikana", nikajaribu kwa risiti za kikoba: risiti 1 imepatikana, risiti 9 zimepatikana. Safi kabisa. Nikakipeleka kijenzi kilekile dukani kikaandika "majembe 4 zimepatikana". Kwenye orodha ya kikoba kikaandika "wanachama 12 zimepatikana".

Msomaji wangu ameshalia moyoni, nami nililia. Majembe yamepatikana, wanachama wamepatikana, vitabu vimepatikana. Miche, ambayo duka lile huuza msimu wa mvua, imepatikana, na hiyo "imepatikana" ya miche mingi ni ileile ya risiti moja. Kitenzi cha Kiswahili hakikubali kutoka mdomoni kabla hakijajua kinamzungumzia nani. Ni sifa ambayo sikuwahi kuifikiria kuwa sifa. Nimeisema tangu utotoni kama ninavyopumua, na ilinibidi nijaribu kuifungia kwenye kisanduku ndipo nihisi uzito wake.

Nilichofanya kwanza ni kile ambacho fundi yeyote mwenye kiburi angefanya: niliamua kukifundisha kijenzi ngeli. Nikaandika jedwali, A-WA, KI-VI, LI-YA, U-I, I-ZI, na kila jina likawa linaingia na ngeli yake. Likaja neno "mbuzi", lenye sura ya I-ZI na upatanisho wa A-WA. Likaja "rafiki". Likaja "kiongozi", aliyevaa KI-VI lakini ni mtu. Jedwali likakua, nalo kila siku likawa na kitu kipya ambacho halikukijua. Msimbo wa kuhesabu vitu vya orodha ukawa mrefu kuliko orodha yenyewe. Ulikuwa mzuri kuutazama. Mtu mwingine angeutumiaje, sikujua.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wenzao wa Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Nawaheshimu sana waliokaa kuyatafuta maneno yale moja moja. Wao walijibu swali la kwanza, kwamba kompyuta inaweza kuzungumza nasi. Mimi nilikuwa nimekwama kwenye swali lililo chini ya hilo. Maneno ninayo. Viungo vya sentensi, mahali neno linaposhikana na neno, ndivyo vilivyokuwa vimeshafungwa na mtu mwingine kabla sijafika.

Jibu lilitoka stoo. Mama mdogo alinituma nilete jembe, nikaona kwenye kona chuma cha jembe jipya kisicho na mpini. Ndivyo tunavyoyanunua. Nenda duka lolote la vifaa Mwanga mjini, utapewa chuma peke yake, na tundu lake juu. Mpini utautafuta mwenyewe, wa mti unaoujua, wa urefu wa mwili wako, na ukikata mrefu mno mgongo utakuambia. Wakati huo nilikuwa nimeshika kitu kilichotengenezwa kwa maelfu bila mtengenezaji kumjua hata mkulima mmoja, na kinamfaa kila mkulima, kwa sababu kina tundu.

Upareni jambo hili lina umri mkubwa kuliko duka. Isaria Kimambo, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, anaeleza habari za Washana, ukoo wa wafua chuma waliokuwa wakuu wa Ugweno kabla Wasuya hawajautwaa utawala. Chuma cha Ugweno kilitembea hadi Uchagani. Nikiwafikiria wale wafuaji wakipuliza mivuo, nafikiria uamuzi waliokuwa wanaufanya kila siku bila kuuandika popote: kazi yangu inaishia hapa. Kutoka hapa kwenda mbele ni ya mwenye mkono.

Nikafuta jedwali la ngeli. Siku tatu za kazi, nikazifuta zote. Kijenzi cha orodha sasa kinahesabu, kinaitoa namba, kisha kinanyamaza. Sentensi inaandikwa na anayekitumia, kwa maneno yake, kwa ngeli anayoijua bila kufundishwa. Kanuni za vivinjari zina kifaa cha kazi hiyo hasa, nafasi inayoachwa wazi ndani ya kijenzi ili atakayekitumia aingize chake. Kwenye maelezo ya mradi wangu nafasi hiyo nimeiita tundu.

Mwezi Oktoba 1968, huko Garmisch, Ujerumani, kwenye mkutano wa uhandisi wa programu ulioandaliwa na NATO, Douglas McIlroy alisimama akasema kazi ya programu imebaki nyuma kwa sababu haina kiwanda cha vijenzi. Alitaka pawe na orodha ambayo mtu atachagua kipande kwa kipimo chake, kama fundi anavyoagiza skrubu. Aliiona njaa vizuri, na sisi sote tunaoandaa miradi hii ya kuanzia tunatembea kwenye wazo lake. Ila skrubu haisemi na mtu. Kijenzi cha kiolesura kinasimama mbele ya macho ya mama aliyeacha makande motoni akaja kuangalia deni lake, na lazima kimwambie jambo. Kipimo cha kitu cha namna hiyo hakipatikani kwenye orodha.

Baada ya hapo mengine yalikuja yenyewe. Niliamua kutotumia kiunzi chochote kikubwa. React na wenzake wana nguvu, lakini vijenzi vinavyotambuliwa na kivinjari chenyewe vinafanya kazi kwenye vivinjari vyote vikuu tangu Januari 2020, na simu ya mwanachama wa kikoba isilazimishwe kupakua mzigo ambao tayari inao. Kanuni ya vijenzi hivyo inadai kila jina liwe na kistari katikati, ili siku vivinjari vikiongezewa majina mapya yasigongane na ya watu. Kabla ya kistari unaweka neno la kutambulisha ukoo. Nilifikiria kuweka jina la kikoba, nikaona duka litajihisi mgeni. Nikaweka mahali. Sasa kuna kwakoa-kitufe, kwakoa-saa, kwakoa-orodha, kwakoa-simu. Hiyo ya mwisho inakubali 06.

Kila kijenzi kina uzio wake. Wataalamu wanautaja kwa neno lenye maana ya kivuli, na mimi hilo linanipendeza. Kanuni za mitindo za ukurasa wa nje haziwezi kuingia na kukivuruga kilicho ndani, wala cha ndani hakitoki kuharibu vya jirani. Lakini uzio una mageti yaliyochaguliwa. Mwenye ukurasa akitaja rangi yake kwa jina tulilokubaliana, itapita. Duka likataka kijani, kikoba kikataka zambarau ya kitenge chao, nami sikugusa msimbo.

Nilichukua muda kuamua nitegemee kazi za nani. Mwezi Machi 2016 mtengenezaji mmoja, akiwa kwenye mgogoro wa jina, aliziondoa kazi zake zote kwenye ghala la npm ambako wanajavaskripti wa dunia nzima huchota. Mojawapo ilikuwa na mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi isiyohesabika ilisimama siku hiyo, mingi ikiwa ya watu wasiojua kwamba wanaitegemea, kwa sababu walikuwa wanategemea kitu kinachotegemea kitu kinachoitegemea. Mtu wa Upare haelezwi hilo mara mbili. Upande wa Same, kwenye bonde la Makanya, wakulima wana ndiva, mabwawa madogo yanayojazwa na maji ya mifereji usiku kucha, yakafunguliwa mchana kwa zamu. Aliye chini anajua kwamba shamba lake liko mikononi mwa aliye juu. Na ndiva hujaa tope. Haliji kwa ubaya wa mtu, linaletwa na maji yaleyale. Kwa hiyo kuna msaragambo, watu wanatoka na majembe na kuliondoa kwa pamoja, na kesho yake tope linaanza kuja tena.

Nilijiuliza nani atatoka kwenye msaragambo wa mradi wangu. Leo ni mimi peke yangu. Ndiyo maana mradi hautegemei kazi ya mtu mwingine yeyote ukiwa unatumika. Nimeandika mwenyewe vitu ambavyo ningeweza kuazima, na baadhi nimeviandika vibaya kuliko wenye navyo. Nimekubali. Na ndiyo maana faili la maelezo, ambalo wengi huliandika mwisho wakiwa wamechoka, nililiandika kwanza, kwa Kiswahili, nikimfikiria binti wa jirani anayesoma kidato cha tatu na ambaye huja kusimama nyuma ya bega langu bila kusema. Kila kabrasha nimeeleza kwa nini lipo. Saa nimeeleza kwa nini inatoa sita. Tundu nimeeleza kwa mfano wa jembe.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi cha kuandika, namba ya toleo. Desturi ni namba tatu zenye nukta kati. Ya mwisho hupanda ukirekebisha kosa, ya katikati ukiongeza jambo, ya kwanza ukivunja kitu ambacho watu walikuwa wanakitegemea. Ikianza na sifuri maana yake bado hujamwahidi mtu. Niliandika 0.1.0, nikaitazama. Kule nyuma ya jiko nilisikia mlio wa udongo ukitupwa kwa nguvu ndani ya ubao. Mjomba alikuwa ameilowesha kalibu na kuinyunyizia mchanga ili udongo usigande, akajaza, akakwangua juu, akaiinua. Tofali lilibaki chini, lina pembe nne. Alilichungulia kwa muda, akalivunja kwa mguu, akaurudisha udongo kwenye rundo. Akaenda kutafuta nyundo.

Nami nikarudi kwenye saa. Nilikuwa nimeweka mpaka wa jioni na usiku kwa kukisia, nikauhamisha.

Mama mdogo alikuja jua likiwa limeshaingia mlimani, mikono ina unga. Alitaka kuona kama mkutano wa kesho umeandikwa. Nilimpa simu yake, iliyokuwa sasa na daftari lililojengwa upya kwa vijenzi vya kalibu ile, nikasubiri aulize kilichobadilika. Alisoma: mkutano, kesho, saa 8 mchana, wanachama 12 wamealikwa. Hakutoa sita wala hakuongeza, wala uso wake haukusita popote. Alibonyeza kitufe kwa kifundo cha kidole ili asichafue kioo, akanirudishia simu, akaenda kugeuza makande.